Barua ya Wazi kwa Baba Paroko na Halmashauri Walei: Waacheni Maharusi Wachague Mpiga Picha Wao

Kwa Baba Paroko, Paroko Msaidizi, Mwenyekiti na wajumbe wote wa Halmashauri Walei ya parokia yetu, Dar es Salaam

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, mimi ni mwanao. Katika parokia hii nilibatizwa, nikapokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, nikatumikia altare miaka sita. Kengele ya mageuzo, ile inayopigwa mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, iliyopo pale ngazini, ni mimi na wenzangu tuliokuwa tukigombania kuipiga. Leo kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na huu ni mwaka wa 14 tangu nilipoianza. Wengi wa vijana niliowapiga picha wakifunga ndoa katika kanisa letu sasa wanaleta watoto wao kubatizwa hapo hapo.

Sikutaka jambo hili lifike hadharani. Barua ya kwanza niliileta ofisini mwezi wa pili, katibu akaigonga muhuri mbele yangu. Ya pili niliileta mwezi wa nne. Ya tatu nilimkabidhi Mwenyekiti mkononi, nje ya kanisa, baada ya Misa ya pili. Jibu nililopata kwa barua zote tatu lilikuwa la mdomo, maneno matatu tu: "Huo ndio utaratibu." Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa, kwa heshima inayowastahili. Haki hiyo nimeitumia kimya kimya mara tatu. Leo naitumia mbele ya watu, kwa sababu walioumia si mimi peke yangu, na wengi wao hawawezi kuandika barua kwa paroko wao bila kuogopa kwamba kesho watahitaji saini yake kwenye cheti cha ubatizo cha mtoto.

Utaratibu ninaoulalamikia ni huu. Tangu mwaka jana, kila ndoa inayofungwa kanisani kwetu lazima ipigwe na mpiga picha mmoja aliyeteuliwa na parokia, picha mnato na video. Familia ikitaka mtu wao, inalipa "ada ya kamera" ya shilingi 200,000, na hata ikishalipa, mtu huyo ataingia au hataingia kulingana na nani yupo mlangoni siku hiyo. Hoja zangu ni hizi.

1. Maharusi wamenyang'anywa uchaguzi ambao ni wao.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, binti wa jumuiya yetu aliolewa kwa Misa ya saa sita mchana. Alikuwa amenichagua karibu mwaka mzima kabla. Aliona picha nilizompiga binamu yake, akaja nyumbani na mchumba wake, wakakaa sebuleni saa mbili wakifungua albamu moja baada ya nyingine. Waliniuliza maswali ya watu wanaojua wanachotaka. Tukaandikiana mkataba, wakalipa nusu. Nilipiga send-off yake. Kufikia siku ya ndoa nilikuwa namjua shangazi mlezi, namjua mama mkubwa aliyetoka Songea kwa basi na magoti yake mabovu, na nilikuwa nimeshagundua kwamba baba yake hasikii sikio la kulia. Kwenye send-off mzee alikuwa anageuza shingo kila binti yake aliposhika kipaza sauti, ili amsikie kwa sikio zima. Nilijua wazi kwamba kanisani atafanya vile vile wakati wa kiapo, na nilikuwa nimeshapanga nitasimama wapi.

Mlangoni nilikuta vijana wawili na karatasi yenye jina moja. Halikuwa langu. Bwana harusi aliitwa pembeni dakika chache kabla ya maandamano ya kuingia, akaambiwa ada haikulipwa. Hakuna aliyewahi kumweleza habari ya ada. Fedha zote zilikuwa kwa mweka hazina wa kamati, na mweka hazina alikuwa ukumbini akisubiri keki. Sikutaka kijana aanze siku yake ya ndoa kwa mabishano, basi nikafunga kamera zangu mbili kwenye mkoba, nikaingia kama muumini, nikakaa benchi la sita.

Baba, naomba unielewe hapa. Mimi najua mwanga wa kanisa lile. Saa sita na robo jua hupita madirisha ya juu na kuangukia ngazi ya kwanza ya altare, pale pale mnapowasimamisha maharusi. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto nimevaa kanzu nyeupe. Mwanga huo ulikuwepo. Mzee aliinuka, akasogea hadi ukingo wa benchi, akageuza shingo. Binti akaanza kusema: katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Na katikati yao, mgongo ukiwa kwa mzee, alisimama mpiga picha wa parokia na taa yake ya video. Baba mzazi hakumwona mwanawe akiapa. Nilikuwa nimekaa mita chache tu kutoka hapo, mkoba katikati ya miguu yangu, sina la kufanya.

Huyo kijana simlaumu. Anatafuta riziki kama mimi. Lakini siku ile alikuwa na ndoa tatu, ya kwetu saa sita, nyingine saa nane, ya mwisho saa kumi. Baada ya Komunyo akafunga vitu vyake akaondoka. Maharusi na mashahidi wao wawili walipotia saini kitabuni hapakuwa na mtu wa kupiga, ingawa hao mashahidi Kanisa linawadai kabisa, na bila wao ndoa ya kawaida haisimami.

Picha zilikuja baada ya miezi miwili. Nimeziona, kwa sababu mama mzazi aliniletea. Nyingi nyuso zimezama gizani. Kamera ikikutana na gauni jeupe inadhani mwanga ni mwingi mno, inaupunguza yenyewe, na ngozi zetu zinageuka kivuli. Mzoefu anaijua tabia hiyo, anapima mwanga wa uso na kulichunga gauni lisiungue kwa mwanga. Nyingine zina michirizi ya kulala kutoka upande hadi upande. Zile taa mpya za LED mlizofunga juu ya altare zinacheza, yaani zinawaka na kufifia haraka sana, kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50 bila jicho kuona. Ukipiga kwa shata ya kimya, ile ya kielektroniki isiyotoa mlio, bila kushusha kasi, mchezo huo unajichora kwenye picha nzima. Mtu akiwahi kufika siku moja kabla na kujaribu kamera yake kwa dakika kumi analigundua. Mwenye ndoa tatu kwa siku anaipata wapi nafasi hiyo?

Mama alimaliza kupekua, akaniangalia. "Mwanangu, wewe si ulikuwemo ndani? Huna hata moja?"

Sikuwa nayo hata moja.

2. Masharti hayajaandikwa popote.

Nimeomba karatasi ya masharti ya wapiga picha mara nyingi. Haipo. Katekista anasema tusipite benchi la nne. Sakristani, mtunza vyombo vya ibada, anasema mwisho ni nguzo. Padre mgeni akija kufungisha ndoa anatuita mwenyewe tusogee karibu, na Jumapili inayofuata tunasemwa kwenye matangazo kwamba tumevamia patakatifu. Mwenzangu mmoja aliondolewa kwa mkono katikati ya Injili, watu wote wakigeuka kumtazama, kwa kosa la kusimama mahali alipoelekezwa na mlezi wa watumishi wa altare nusu saa kabla. Sharti lisiloandikwa linamwonea mtu mwema, na mkorofi analigeuza anavyotaka.

3. Ada ya kamera imewafikia watu ambao haikupaswa kuwagusa kamwe.

Mwezi wa tano mlifungisha ndoa za pamoja, wanandoa waliokuwa wameishi miaka mingi bila sakramenti. Ilikuwa Misa nzuri, na nawashukuru kwa kazi mliyoifanya kuwatembelea nyumba kwa nyumba. Miongoni mwao alikuwa mama anayeuza samaki, mumewe ni fundi baiskeli. Hawakuwa na kamati, kadi za mchango wala ukumbi. Walikuwa na mtoto wao wa kiume mwenye simu. Alipoinua simu wazazi wake wakivishana pete, alishikwa bega na kuambiwa aishushe au akalipe ofisini. Aliishusha. Yule mama hana picha hata moja ya siku aliyoingojea miaka 22.

Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na aangalie daima wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Najua mtaniambia ada ya kamera si malipo ya sakramenti. Lakini mama muuza samaki haioni tofauti hiyo. Ametakiwa kutoa pesa ndani ya kanisa, wakati wa ndoa yake. Hayati Papa Fransisko, katika mahubiri yake ya Novemba 21, 2014, alisimulia vijana wawili aliowafahamu akiwa padre mpya. Walitaka ndoa yao iwe ndani ya Misa. Katibu wa parokia akawaambia haiwezekani, kila ndoa ina dakika 20 tu. Wakitaka Misa walipie nafasi mbili. Papa alisema mambo ya namna hiyo yanawakwaza watu, na kwamba waamini husamehe udhaifu mwingi wa padre, ila mapenzi ya fedha ni magumu kwao kuyasamehe. Baba, kwako wewe sijaona mapenzi ya fedha hata siku moja. Nakueleza tu jinsi ada ile inavyoonekana kwa aliye nje ya mlango.

Tena ada yenyewe haina stakabadhi. Familia nne nilizozungumza nazo zililipa, na hakuna hata moja iliyopewa karatasi.

4. Kanisa limeomba kiasi na unyenyekevu. Halijaomba mtu mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, na nitaanza kwa kuyakiri makosa yetu wapiga picha, kwa sababu ni mengi na mimi nimeyaona kwa macho.

Nimemwona mwenzetu amesimama kwenye ngazi ya altare akiipa mgongo tabernakulo, mahali inapohifadhiwa Ekaristi. Nimeona flashi ikimpiga padre usoni wakati anainua Hostia. Nimeona vijana wa video wakivuta nyaya kati ya miguu ya watumishi wa altare, na taa yenye joto imewekwa karibu na maua makavu. Nimesikia kwa masikio yangu mpiga picha akiwaambia maharusi: "Rudieni pete, haijatoka." Na maharusi wakarudia! Siku ile nilitamani kulia. Kanisa linafundisha, kanuni ya 1057, kwamba ndoa hufanywa na makubaliano ya hao wawili. Pale wanapotamka, jambo limetendeka. Huwezi kumwambia mtu arudie kama vile anakata keki. Ukiikosa picha ya pete, umeikosa. Utawapiga baadaye mikono yao ikiwa imeshikana na pete zikiwa vidoleni, na hiyo itakuwa picha ya kweli.

Kwa hiyo mnapokasirika, mna haki. Kanisa lilishaliona tatizo hili kabla mimi sijazaliwa. Hati ya Eucharisticum Mysterium, iliyotolewa Roma Mei 25, 1967, ina kifungu kizima, cha 23, juu ya picha wakati wa ibada. Inataka uangalizi mkubwa ili ibada, hasa Misa, isivurugwe wala kukatizwa na upigaji picha. Panapokuwa na sababu ya kupiga, ifanyike kwa kiasi kikubwa kabisa na kwa kufuata maagizo ya askofu wa mahali. Na Novemba 8, 2017, Papa Fransisko alituambia kwamba padre husema "Inueni mioyo", hasemi tuinue simu zetu kupiga picha. Alisema anahuzunika akiona simu nyingi zimeinuliwa, na si za waamini tu, hata za mapadre na maaskofu.

Nayakubali yote hayo kwa moyo wangu wote. Lakini yasomeni tena. Kinachodaiwa ni tabia na ujuzi: mtu anayejua Misa. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati ya liturujia ya Desemba 4, 1963, ndoa imewekwa kwa kawaida ndani ya Misa, baada ya Injili na mahubiri, kabla ya sala ya waamini. Asiyeijua Misa hatajua lini atembee na lini atulie. Mimi nahama upande mmoja kwenda mwingine wakati wa wimbo, napita nyuma ya mabenchi na sipiti mbele. Kabla mahubiri hayajaisha ninakuwa nimeshafika ninapotaka, natumia lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200, flashi nimeizima tangu nilipovuka mlango. Kiapo na pete ni muda mfupi sana. Ukifika umeshasimama pako, hakuna anayekuona. Wimbo wa Mtakatifu ukianza, kamera inashuka. Napiga magoti na wenzangu hadi Amina ya mwisho wa Sala ya Ekaristi. Hapo hakuna picha ninayoitafuta. Maharusi wanaponiuliza kwa nini sina picha ya wakati huo, nawaambia nilikuwa nasali, na hakuna aliyewahi kunidai.

Ujuzi huo anaweza kuwa nao mtu wa parokia nyingine, wa jimbo jingine, hata ndugu asiye Mkatoliki aliyefundishwa vizuri. Na anaweza kuukosa mtu mwenye barua ya uteuzi mfukoni.

Sasa nijibu mapema yale ambayo nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema mpiga picha mmoja ni rahisi kumdhibiti. Ni kweli. Lakini nimeonyesha hapo juu kwamba yule mmoja, akiwa na ndoa tatu, ndiye aliyesimama mbele ya mzazi. Udhibiti haukumzuia, kwa sababu hakuna sharti lililoandikwa ambalo angeweza kuambiwa amelivunja.

Mtasema vitu vya kanisa vimeibiwa, na vijana wa wapiga picha huzagaa hadi sakristia. Hilo ni zito, na ninawaunga mkono. Andikeni majina ya kila anayeingia na vifaa, chukueni nakala ya kitambulisho, fungeni sakristia kwa kila asiye na kazi ndani yake. Mimi nitakuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Mtasema fedha ile inasaidia ujenzi wa ukumbi. Ujenzi ni wetu sote, na bahasha yangu ya kila mwezi mnaijua. Tangazeni mchango, waombeni wapiga picha tunaofaidika na kanisa hili tuchangie kwa hiari, mtashangaa. Fedha inayotolewa kwa hofu ya kuharibiwa siku ya ndoa haina baraka ya mtoaji.

Mtasema ni agizo kutoka juu. Kama Askofu ameagiza, mimi ni mtiifu, na ile hati ya 1967 inanitaka niwe mtiifu. Bandikeni agizo hilo kwenye ubao wa matangazo, tulisome, nami nitanyamaza juu ya hoja hiyo siku hiyo hiyo.

Na mtasema maharusi walisaini fomu. Walisaini, ndiyo. Walisaini kurasa nyingi kwa mkupuo, wiki ambayo ndoa yao ilikuwa inatangazwa kwa mara ya tatu na kadi zimeshagawiwa. Nani atakataa kusaini wiki hiyo?

Ninayoyaomba ni haya.

Kwanza, ukurasa mmoja wa masharti, wenye saini ya Paroko na muhuri. Uonyeshe mpiga picha anasimama wapi, asipite wapi, flashi iruhusiwe au isiruhusiwe, lini kamera zishuke, watu wangapi wa picha na video, mavazi gani. Maharusi wapewe siku wanapokuja kuandikisha ndoa, kabla matangazo hayajaanza. Mkiamua masharti makali, yawe makali, nitayafuata.

Pili, uteuzi wa mtu mmoja ufutwe. Badala yake tuiteni sote tunaotaka kupiga kanisani kwetu, nusu siku, Paroko Msaidizi atufundishe mwendo wa Misa ya ndoa na heshima ya mahali patakatifu, kisha tutie saini. Atakayevunja asimamishwe miezi sita. Kijana mliyemteua awe mmoja wetu, achaguliwe na wanaopenda kazi yake.

Tatu, ada ya kamera iondolewe, na simu ya mtoto anayempiga mama yake picha isiguswe na mtu, ilimradi asitoke kwenye benchi lake.

Nne, somo moja kwenye semina ya ndoa lihusu jambo hili. Katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alisikitika kwamba maandalizi ya karibu ya ndoa huzama kwenye kadi, mavazi na sherehe mpaka wachumba wanafika altareni wamechoka, fedha na nguvu vimekwisha. Mpiga picha mbaya ni sehemu ya uchovu huo. Saa moja inatosha kuwafundisha kuchagua. Waambiwe waombe kuona harusi moja nzima, tangu kuvaa hadi kuagana, maana picha 20 nzuri kila mtu anazo. Waangalie hasa zile za ndani ya kanisa, kwani nje kwenye jua la saa kumi hata simu hupatia. Wamuulize kama yeye anayeongea nao ndiye atakayekuja, au atamtuma kijana wasiyemjua. Wamuulize ana ndoa ngapi siku hiyo. Kamera ikigoma atatumia ipi? Picha zinaandikwa kwenye memori kadi mbili kwa pamoja, au moja ikiharibika harusi yote imepotea? Wadai mkataba wenye tarehe ya kukabidhiwa kazi. Kisha swali ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya bei: "Wakati wa mageuzo wewe unakuwa wapi?" Akianza kueleza pembe nzuri aliyonayo ya kuipiga Hostia ikiinuliwa, wamshukuru na waendelee kutafuta.

Hayo yakifundishwa na Kanisa lenyewe, wavurugaji wengi watakosa kazi bila ninyi kuweka walinzi mlangoni.

Tano, siku ya ndoa awepo mtu mmoja tu mwenye kauli juu ya wapiga picha, ajulikane kwa jina, na kama kuna la kuturekebisha atuite pembeni.

Sita, yule binti na mumewe waitwe, wasikilizwe, waombwe radhi. Yule mama muuza samaki na mumewe pia. Kwao hao wawili niko tayari kuwapiga picha bila malipo siku yoyote mtakayoniruhusu, mbele ya altare ile ile, na mtoto wao asimame kando yangu na simu yake. Haitakuwa ndoa yao. Itakuwa angalau sura zao pale walipoapa.

Nakala ya barua hii nimempelekea Mwenyekiti wa jumuiya yangu, ili asiyasikie mitaani. Kikao cha Halmashauri Walei ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda, na kama mtaona vema niitwe nijibu maswali. Hata msiponiita, Jumanne baada ya Misa ya asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi ya parokia. Nitakuja na nakala za zile barua tatu, na rasimu ya ukurasa wa masharti niliyoiandika mwenyewe, ili mpate pa kuanzia kusahihisha.

Wako katika Kristo,

Mpiga picha, muumini wa parokia yenu